Kiti cha Marehemu

— Bibi, samahani, hicho kiti ni cha marehemu.

Maneno hayo Pasipoti aliyasema kwenye kipaza sauti, mbele ya mtaa mzima, na spika mbili zikayabeba hadi kwenye kona ya mwisho. Bibi mwenyewe alikuwa mwembamba, ana miwani mizito na fimbo, na alikuwa amefika amechelewa. Alitazama viti vyote vimejaa, akaona kimoja tu kitupu, pale mbele, kimetandikwa kitambaa cheupe na chungu kimewekwa juu yake. Akakitoa chungu taratibu, akakiweka chini, akakaa.

— Marehemu nani? aliuliza.

— Marehemu Bi Chungu, bibi yangu. Mfinyanzi wa mwisho wa mtaa huu. Tumemwachia nafasi kwa heshima yake.

Bibi akafikiri kidogo.

— Basi acha nikae. Akija nitampisha.

Watu wakacheka. Pasipoti naye akacheka, maana ni mtu wa utani, na utani mzuri hata ukimpiga yeye huusifu kwanza ndipo auguze jeraha. Laiti angeishia hapo. Lakini alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maonyesho ya kale, kipaza sauti kiko mkononi, watoto wamevaa nguo za kizamani wamejipanga kando ya jiwe la kusagia, na hadhira imekwisha kumpenda. Akaeleza jinsi marehemu alivyomlea barazani kwake, akimlisha kila alipotoka shule. Akaomba dakika moja ya ukimya, watu wakasimama, na yule bibi akasimama pia, akiegemea fimbo. Kisha ulimi ukamponza. Akasema siku ya mazishi alisafiri usiku kucha asikose kutupa udongo wake kaburini, na kwamba mvua ilinyesha. Machozi yakamtoka, tena machozi ya kweli.

Hapo akatokea mama mmoja na chupa ya maji, akipenya katikati ya viti.

— Mama, si nilikwambia unisubiri pale mwanzo wa barabara? Mbona umekuja kukaa mbele?

Pasipoti akamtambua yule mama: binti wa Bi Chungu. Akamtazama tena yule bibi, safari hii akimvua miwani kwa macho yake. Akasema, «Ee Mungu wangu,» na spika, ambazo hazijui siri, zikalitangaza hilo nalo.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Asubuhi yake kijiwe kilijaa mapema kuliko siku zote. Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao mbili na nusu, mbele ya duka la fundi cherehani, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi. Ukikaa kushoto unasikia cherehani, ukikaa kulia unasikia mashine ya kunyoa, ukikaa katikati unawasikia wenye mashine hizo wakibishana. Fundi cherehani huitwa Wakili, kwa kuwa hajawahi kushindwa hoja. Mahakamani amefika mara moja tu, kwa kesi ya suruali ya mteja aliyoikata fupi, na mshtakiwa alikuwa yeye. Kinyozi huitwa Saluni, kwa sababu kibanda chake cha kiti kimoja kimeandikwa «Saluni ya Kimataifa». Na Pasipoti aliitwa Pasipoti tangu alipoacha kuendesha malori ya kuvuka mipaka, akarudi na hati ya kusafiria isiyo na ukurasa mtupu na hadithi zisizo na mwisho. Siku zote hukaa katikati. Siku hiyo alikwenda kukaa pembeni, kwenye ile nusu ya ubao, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi.

— Mpisheni, alisema Saluni. Mchimba kaburi kafika.

— Mwache bwana, alisema Wakili. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Naye kachutama tangu jana. Simama sasa kaka, utapata kibyongo.

— Nipeni kahawa tu, alisema Pasipoti.

Muuza kahawa akammiminia kikombe kidogo, hakusema neno. Hata hilo likamchoma Pasipoti, maana yule mtu kwa kawaida humpa kahawa na kejeli juu yake bure.

— Hebu tulitazame jambo lenyewe kitaalamu, alisema Wakili. Kosa liko wapi? Mtu kasifiwa mbele za watu. Kasimamiwa. Kaliliwa. Wangapi hapa duniani wanaosikia wanavyoliliwa? Sisi wote tutasifiwa tukiwa hatusikii. Yule bibi anatudai nini? Deni la shukrani lipo, ndiyo, lakini ni yeye wa kulilipa.

— Alikaa kimya mpaka mwisho, alisema Saluni. Mimi hilo ndilo limeninyima usingizi. Mtu unasikia unazikwa, umekaa, unatikisa kichwa. Unasimama na ukimya wako mwenyewe. Huo si ukaguzi huo?

— Ukaguzi wa nini?

— Wa kikundi. Alikuja kutupima. Nakwambia yule mama alijua kiti ni chake kabla hajakikalia.

— Kilikuwa chake, alisema Pasipoti kwa sauti ndogo. Ndiyo shida yenyewe.

Wakanywa kahawa.

Wazo la kikundi lilikuwa la Pasipoti, na halikuwa wazo baya. Huko alikozunguka aliwahi kupita mji mmoja ambako watu wazima huajiriwa kuvaa nguo za babu zao, kutwa wakifua chuma na kuoka mikate kwa tanuri za zamani, na watoto wa shule wanaletwa kutazama. Alirudi na habari hiyo kama aliyerudi na mahari. Akawaambia wenzake: sisi tuna nini cha kuwaonyesha watoto wetu, zaidi ya simu? Wakaunda kikundi. Kila mwisho wa mwezi wakawa wanafunga kipande cha barabara, watoto wanasokota kamba, wanasaga nafaka kwenye jiwe, wanategeana vitendawili. Wazazi walipenda. Kona moja tu ilikuwa inapwaya: ya ufinyanzi. Hawakuwa na mfinyanzi. Walinunua vyungu sokoni, wakampa dereva mmoja wa bodaboda kitambaa chenye maji, akawa anavipangusa polepole kana kwamba ndiyo kwanza vinatoka mikononi mwake.

— Kwani nani alisema amekufa? aliuliza Saluni. Tuanzie hapo.

— Kikao, alijibu Wakili.

— Kikao ni watu.

— Kikao ni kikao. Mtu mmoja aliuliza, tumweke nani kwenye kona ya ufinyanzi? Mwingine akasema, angekuwepo Bi Chungu, yule aliyehama zamani. Mwingine akasema, si alishafariki yule? Mwenyekiti akauliza, kuna anayepinga? Hakuna aliyepinga. Likapita.

— Kwa hiyo tulimuua kwa kauli moja.

— Kwa mujibu wa taratibu.

Pasipoti alikumbuka kikao hicho. Alikumbuka alivyouliza, «Kuna anayepinga?» huku akitafuta kalamu. Ndani ya kifua chake palikuwa na mtu mmoja aliyetaka kunyoosha mkono, akamkalisha. Kwa kuwa angenyoosha mkono angeulizwa, wewe ulimwona lini mara ya mwisho? Na jibu lake lilikuwa na haya kuliko kifo. Kufa, angalau, hakuhitaji maelezo ya kwa nini hujamtembelea mtu.

— Sasa tufanyeje? aliuliza. Nataka kumwangalia usoni yule mama. Basi. Mengine mnaweza kuyabishania nikishaondoka.

— Dawa ipo, alisema Saluni. Jumamosi ijayo tunafunga barabara tena. Spika zilezile, jenereta lilelile, watu walewale. Tunatangaza kwamba yu hai. Halafu, kwa kuwa tulimpa dakika moja ya ukimya, tunamrudishia dakika moja ya kelele. Zinafutana.

— Kelele gani?

— Zozote. Sufuria, honi, watoto. Mtaa huu kelele haujawahi kupungukiwa.

— Haitoshi, alisema Wakili. Kwanza kuna kikwazo cha kisheria. Katiba ya kikundi ina kipengele cha kuwaenzi waliotangulia. Nilikiandika mwenyewe, na kina bajeti ya kitambaa na kiti. Kipengele cha walio hai hakuna. Tukimtangaza yu hai anapoteza kiti.

— Kiongeze.

— Kuongeza kipengele kunataka mkutano mkuu. Ni mwezi wa kumi na mbili.

— Kwa hiyo mpaka mwezi wa kumi na mbili ni marehemu?

— Wa muda.

Muuza kahawa akapaliwa, akageuka kukoholea upande wa barabara.

— Mimi naona mnapotea, alisema Saluni, ambaye sasa alikuwa amesimama na chanuo mkononi, na mteja wake amebaki kibandani na nusu kichwa kimenyolewa. Mungu katurudishia mfinyanzi, halafu tunajadili kelele? Mtu wa kale, wa kweli, anayepumua. Tumjengee kibanda palepale kwenye kona. Cha udongo. Anakaa Jumamosi na Jumapili. Watoto wanapita, wanamtazama anafinyanga. Tunazungushia kamba wasimguse.

— Kamba? alisema Pasipoti.

— Kamba waliyosokota wenyewe. Urithi juu ya urithi.

— Yule ni mtu, bwana, si mnyama wa maonyesho.

— Nani kasema mnyama? Wewe si ndiye uliyetuambia huko ulikopita wanafanya hivyo?

— Huko wale walikuwa waigizaji. Jioni wanavua zile nguo wanakwenda zao nyumbani.

— Basi na yeye jioni atakwenda nyumbani. Tutampa usafiri.

— Nyumbani wapi?

Wakili akaingilia kati haraka, kama mtu anayetupa mkeka juu ya shimo.

— Tusiwe wepesi kujilaumu. Pasipoti, yule mama ndiye aliyekulea, sivyo? Umesema mwenyewe kwenye kipaza sauti.

— Alinilea.

— Basi wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Umekua ukawa mtu wa kuzika watu wazima wazima. Sasa hapo mkosaji nani?

Benchi zima likaangua kicheko, na mteja wa nusu kichwa akacheka kibandani. Pasipoti akatabasamu, akaona tabasamu halikai vizuri usoni, akaliondoa.

— Na ile mvua? aliuliza Saluni. Mimi kifo nimekuelewa. Ni kikao. Ila mvua ilitoka wapi?

Kahawa ya Pasipoti ilikuwa imepoa, akainywa hivyohivyo.

— Maana hata mimi nililia pale kwenye mvua, aliendelea Saluni. Nilikuwa sina habari na marehemu, ila niliposikia umetembea kwenye tope nikasema, huyu mwanaume ana moyo.

— Aliipamba hotuba, alisema Wakili. Hotuba bila mvua ni taarifa ya habari.

— Niliona watu wananitazama, alisema Pasipoti. Nikaona mtu aliyenilea mpaka nikatoka mavi ya utoto, halafu mazishi yake sikwenda, watanionaje? Hata kichwani mwangu nilikuwa nishakubali kafa, na nimekosa kwenda. Nikaona aibu. Nikajipeleka.

Hakuna aliyecheka. Wakili akakohoa, akaangalia uzi uliokuwa umening'inia kwenye mkono wa shati lake.

— Sasa sikilizeni, alisema baadaye, kwa sauti ya mtu anayefunga shauri. Kinachotakiwa ni bango. Kubwa, jeupe, la kutundikwa mwanzo wa barabara. «Uongozi na wanachama wa kikundi tunaomba radhi kwa kumpumzisha kabla ya wakati», kisha jina lake, kwa herufi kubwa nyekundu. Mtu akisoma hana la kusema. Nimeshamwita fundi.

— Kumpumzisha kabla ya wakati, alirudia Saluni kwa heshima. Hilo limekaa.

Fundi wa mabango alifika wakati huohuo, dada mmoja aliyehamia mtaani si zamani, kopo la rangi mkono mmoja na kitambaa kimekunjwa kwapani. Akasalimia wote, akakitandaza kitambaa kwenye meza ya Wakili, akakipigia mistari kwa chaki. Alikuwa mtu wa kazi, hakutaka kahawa.

— Niambieni maneno.

Wakili akamsomea. Dada akaandika kwa chaki, herufi zimenyooka kama askari. Akafika penye nafasi aliyoiachia katikati, kubwa, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu.

— Haya. Jina lake nani?

— Bi Chungu, alisema Saluni.

— Hilo la utani. Jina lake.

— Bi Chungu ndiye huyohuyo, kila mtu anamjua.

— Kila mtu anamwita. Mimi nauliza anaitwa nani. Siwezi kumwomba mtu radhi kwa jina la kazi, kaka zangu. Wewe ukiombwa radhi utataka iandikwe «Ndugu Saluni»?

Saluni akamtazama Wakili. Wakili akamtazama muuza kahawa. Muuza kahawa akatazama birika. Halafu wote, polepole, wakamgeukia Pasipoti, na hata yule mteja akatoka kibandani na shuka shingoni kuja kusikiliza.

Pasipoti alijaribu. Alirudi mpaka kwenye ile baraza, akaona mikono yenye udongo mpaka kwenye viwiko, akaona sahani aliyokuwa akipewa, yenye ufa pembeni, akasikia sauti ikimwambia anawe kwanza. Yeye alikuwa akimwita mama. Watu wazima walimwita Mama Fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hata la yule mwana halikuja. Mengine yote yalikuja. Jina halikuja.

Rangi nyekundu ikadondoka kwenye brashi, tone moja, juu ya vumbi.

— Mpigie, alisema Wakili, safari hii bila utaalamu wowote.

— Nani?

— Binti yake. Namba unayo. Jana nilimsikia anakuuliza kama bado unayo.

Ni kweli alikuwa nayo. Binti alimpa walipokutana hospitali miaka mingi iliyopita, akamwambia, mama anakuulizia kila siku. Naye akasema, kesho nitapiga. Akaitafuta sasa. Kidole kiligusa namba nyingine, akajifanya kioo cha simu ndicho kibovu. Simu ikaita. Saluni akanyoosha mkono, akabonyeza sauti ya nje, na Pasipoti hakuwa na nguvu ya kumkataza.

Binti akapokea. Pasipoti akajieleza kwa kigugumizi, binti akampelekea mama yake simu. Kukasikika vyombo, televisheni, kisha pumzi ya mtu anayekaa vizuri kitandani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nani mwenzangu?

— Ni mimi. Mwanao. Wa jana.

— Aa. Wa jana. Unaona, huku kaburini mtandao unashika vizuri.

Benchi likavunjika mbavu. Saluni alijipiga paja, na Pasipoti mwenyewe alihisi kitu kizito kikimtoka kifuani, akacheka, akajifuta macho. Kumbe mambo yangekuwa rahisi hivi.

— Mama, nimekukosea. Sina la kusema.

— Jana ulikuwa nalo.

— Nisamehe, mama.

— Umekula?

Swali hilo hakulitegemea. Ilikuwa sauti ileile ya barazani, haijazeeka hata kidogo. Hakuwa amekula tangu jana mchana.

— Nimekula, mama.

— Hujala. Sauti yako ikiwa na njaa naijua. Una nini jingine? Maana huyu mtoto wangu anataka simu yake.

Pasipoti aliwatazama wenzake. Wakili akamwonyesha kitambaa kwa kidole. Dada wa mabango alikuwa ameinua brashi, anasubiri, na rangi yake ilikuwa imeshaanza kukauka.

— Mama, ni hivi. Wenzangu na mimi tunataka kukuomba radhi rasmi, mbele ya mtaa wote, ili kila mtu ajue. Tumeagiza bango kubwa. Fundi yuko hapa. Sasa tumefika kwenye jina. Tunataka liandikwe lile hasa, lile la kuzaliwa, tusikosee tena.

Upande wa pili televisheni ikapunguzwa sauti. Halafu ikazimwa.

— Hulijui, alisema bibi.

— Mama, sisi siku zote tulikuwa tunakuita...

— Nasema hulijui.

— Silijui, mama. Niambie, fundi yuko hapa anasubiri.

Ukimya ukawa mrefu, na safari hii hakuna aliyeuomba. Saluni alikuwa ameinamisha kichwa. Mteja wake alikishika kichwa chake upande ulionyolewa, kama mtu aliyepigwa na baridi.

— Njoo siku huna bango, alisema bibi. Nitakwambia.